Nafasi ya Mtu Kwenye Dari

Nyie vijana mnaokuja kwangu na simu kunionyesha picha za makabati ya watu wa mbali, hebu kaeni chini kwanza. Zimeni hizo simu. Mimi nimeshika randa tangu sijaota ndevu mpaka mikono ilipoanza kutetemeka, na kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo moja: kuwatafutia watu wa Kyela mahali pa kuweka vitu vyao. Masanduku, rafu, makabati, na zaidi ya yote madari. Nimepanda kwenye madari ya watu kuliko panya. Kwa hiyo nikisema neno kuhusu kupanga nyumba nisikilizeni, hata kama mnaona ninazeeka vibaya.

Mtu wa Mbeya mjini akinunua kabati anaangalia rangi. Mtu wa huku kwetu, kama ana akili, anaangalia miguu. Maji ya huku hayapigi hodi. Yale makabati ya unga wa mbao yanayoshushwa kwenye malori yanapendeza sana sebuleni, siwakatalii, mpaka mto utoke kwenye njia yake. Yakishalowa yanavimba, milango inagoma kufunga, na baada ya siku chache unayazoa kwa koleo. Mmoja aliniita nimtengenezee la kwake. Nikamwambia bwana, mimi ni seremala, siyo mpishi wa uji.

Na kakao, jamani! Kakao iliyotoka kuvundikwa msiilaze chumba kimoja na nguo. Namkumbuka bwana harusi aliyesimama mbele ya mchungaji ananuka siki kanisa zima, suti mpya, kisa mama yake aliitundika juu ya magunia. Bibi harusi alivumilia. Hayo ndiyo mapenzi.

Sasa dari. Dari la nyumba ya matofali mabichi lisiegemee ukuta hata siku moja. Maji yanaula ukuta kutoka chini, nawe juu hujui, umekaa na mpunga wako unajiona umeokoka, mara ukuta unachuchumaa na kila kitu kinaondoka nao. Chimbia nguzo zake zenyewe, nguzo za mti mgumu, boriti zilale juu ya nguzo, na ukuta uwe jirani tu. Ngazi ipigilie misumari. Ngazi isiyopigiliwa ni ya kwanza kuelea, na mtu mzima anabaki chini anaiangalia inakwenda zake. Halafu acha nafasi ya mtu. Hilo ndilo la maana kuliko yote. Palipo na vitu pawe na vitu, lakini pabaki mahali pa mtu kulala kwa urefu wake, na godoro, na dumu la maji ya kunywa. Pasiwekwe kitu kingine hapo, hata kikombe.

Hayo sikuyatoa kichwani mwangu. Yalikuwa ya Fundi Ambakisye, aliyenifundisha kazi. Yeye alianzia bandarini Itungi, enzi meli zinapakia kwenda kusini, alikuwa akipiga mbao za kutenganisha mizigo ndani ya meli. Alikuwa mfupi, mkali, na alikuwa na kucha moja tu nzima kwenye mkono wa kushoto. Alipoingia nyumba ya mtu kupima kazi hakuuliza una vitu gani. Alisalimia, "Mugonile," akaitikiwa, akapewa kigoda, akauliza, "Humu ndani nani na nani hawaonani?"

Mara ya kwanza kumsikia nilidhani anatafuta umbea. Kumbe ndiyo futi yake ya kupimia. Nyie mmezaliwa mkakuta mambo yamelegea, mwanamke anakaa meza moja na baba mkwe wake wanagombania rimoti. Zamani kwetu haikuwa hivyo, na kwa baadhi ya wazee haijawa hivyo mpaka leo. Mke wa mtoto wa kiume alimkwepa baba mkwe. Hamtazami, hamtaji jina, hasemi naye ana kwa ana, hamgusi, haingii alimo. Wakikutana njiani mwanamke anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Na vitu vyao pia: nguo ya huyu isilale na nguo ya yule, kitanda cha mwanamke kisiwe mahali mzee anapopita. Siyo chuki, msije mkaelewa vibaya. Ni heshima, na wengi waliishi nayo wakapendana kwa mbali kabisa. Basi fundi wa kupanga vitu asipojua hilo, atapanga balaa.

Mimi nililipanga. Tulikuwa tunatengeneza rafu za jikoni kwa familia moja karibu na ziwa, nikakuta koti la mzee mwenye nyumba linanizuia kupita, nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Nikaona nimefanya jambo la adabu. Mkwe wake aliporudi kisimani akaliona lile koti, akatua ndoo, akakaa nje. Ugali haukupikwa. Mzee naye ndani ananguruma njaa, anauliza kwa nini moshi hautoki, hakuna wa kumwambia kwamba aliyezuia chakula chake ni koti lake mwenyewe. Ambakisye alipogundua alinipiga na kipande cha ubao wa papi mgongoni, halafu akaenda nyuma ya nyumba kucheka. Nilimsikia. Alicheka mpaka akakohoa.

Haya. Kicheko ndicho hicho, kimeisha. Ninalotaka kuwaambia ni la nyumba ya Gwakisa, kule Njisi.

Gwakisa alikuwa mfanyabiashara wa Kasumulu, anavusha mizigo mpakani, kijana mchangamfu, mtoto pekee wa Mzee Lusajo. Mzee Lusajo alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, mtu wa zamani hasa, kila saa koti lake limefungwa vifungo vyote. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Hakufa, ila mguu ukawa wa kuburuta na mkono ukawa wa kuning'inia. Gwakisa akamleta nyumbani kwake. Mke wa Gwakisa aliitwa Atupele, mwanamke mrefu, mchapakazi, anazungumza taratibu. Na mzee, hata baada ya kuugua, hakulegeza. Mkwe ni mkwe.

Waliishije? Waliishi vizuri, msishangae. Chumba cha mzee kilikuwa na mlango wake wa nje. Gwakisa alimwogesha baba yake asubuhi kabla ya kwenda Kasumulu, na akirudi jioni anakaa naye. Mchana Atupele alipika, akaweka sahani juu ya stuli mlangoni, akagonga ukuta, akaondoka. Mzee akila alisema kwa sauti, bila kumtaja mtu, "Ndaga fijo, leo wamenipikia vizuri." Atupele huku uani anasikia, anatabasamu. Aliniambia mwenyewe kwamba baba yake mzazi hakuwahi kumshukuru namna hiyo.

Gwakisa aliponiita nijenge dari, aliogopa kitu kimoja tu: maji yaje yeye akiwa mpakani. Mto Songwe mnaujua. Mvua inanyesha milimani huko Ileje, huku kwetu jua linawaka, mtu anaanika mazao yake hana habari. Baba angebaki na nani? Na Atupele. Atupele ambaye hawezi kumshika.

Nikauliza swali la Ambakisye ingawa jibu nilikuwa nalijua. Nikajenga dari la pande mbili, na katikati ukuta wa mbao kutoka sakafu ya dari mpaka kwenye mabati. Ngazi mbili. Ya Atupele ilipandia jikoni. Ya mzee ilipandia ndani ya chumba chake, nikailaza ikawa ya mteremko, ngazi fupi fupi, na kamba nene ya kushika kwa mkono wa kulia, ule mzima. Upande wake nikaacha nafasi ya mtu: godoro, blanketi, dumu. Mzee akaijaribu mbele yetu. Alipanda kwa kuburuta, anahema, akafika juu akakaa, akatuambia, "Mtu anaweza kufia hapa kwa raha." Tulicheka. Gwakisa alifurahi mpaka akanikumbatia. Na mimi nilijisikia vizuri, niseme ukweli, nilijisikia fundi.

Kiangazi kikapita, masika yakaja yakapita na maji hayakuja. Ubaya wa mafuriko ni kwamba yakikosekana msimu mmoja watu wanaanza kuona dari linapoteza nafasi. Masika mengine yalipoanza nikapita pale siku moja kusalimia. Nikainua macho. Ukuta wa mbao haupo.

"Gwakisa, mbao zangu ziko wapi?"

"Fundi, usikasirike. Nimetengenezea rafu za duka. Halafu upande wa Atupele umejaa mpunga, bei ikipanda nitautoa."

"Na huku kwa baba umeweka nini?"

Alikuwa ameweka vitu vya mke wake. Tranka lake la nguo, mifuko miwili ya shangazi kaja imejaa vitenge na nguo za ndani mpaka zipu zimekataa kufunga, na juu ya godoro la mzee ameweka godoro la kitandani kwao, lile la zamani, na mashuka yake. Pale pale kwenye nafasi ya mtu.

Nilimfokea. Nilimwambia, "Wewe mtoto, una wazimu? Baba yako hatapanda hapo! Atalala juu ya godoro la mkwewe? Juu ya nguo zake?"

Akacheka, akanishika bega. "Mzee wangu, maji yakija nani atauliza hiki cha nani? Roho ni tamu."

"Baba yako humjui."

"Namjua. Wiki ijayo nauza mpunga, navihamisha vyote. Haki ya Mungu."

Nikamfuata Atupele uani. Akaniambia, "Baba, nimemwambia mpaka nimechoka. Anasema nina mambo ya kizamani." Nikamwambia basi vishushe mwenyewe, mwanangu. Akanitazama kama vile mimi ndiye nisiyejua mila. Ngazi ya kule ilikuwa ndani ya chumba cha mzee. Na kupitia upande wake mwenyewe kulikuwa na ukuta wa magunia mpaka kwenye kenchi za paa, sehemu ya kupenya tu pembeni, na akipenya anatokea juu ya kichwa cha baba mkwe wake. Angepitia wapi?

Nilijitolea kuvishusha mimi. Mzee alikuwa amelala, Gwakisa akasema tusimwamshe, akasema tena wiki ijayo. Nyumba ni yake, baba ni wake. Nikaondoka nimenuna.

Hiyo wiki ijayo yenyewe haikufika. Maji yalikuja mchana, jua kali kabisa. Gwakisa yuko Kasumulu. Atupele alikuwa anageuza kakao kwenye turubai, akaona kuku wanakimbilia nyumba bila sababu. Alipoangalia kwenye migomba akaona chini kunang'aa. Yote yanayofuata alinisimulia yeye.

Alikimbilia ukuta wa chumba cha mzee, akaupiga kwa viganja vyote viwili. Hakuweza kusema naye, kwa hiyo alisema na kuku. "Jamani kuku, maji yamekuja! Aliye ndani apande juu! Apande sasa hivi!" Akasikia kitanda kinalia, fimbo, mguu unaburuta. Akasikia ngazi. Akashukuru Mungu. Yeye naye akaingia jikoni, maji yamefika kwenye vifundo, akapanda ngazi yake, akasimama pembeni ya magunia amefumba macho, anasikiliza.

Hatua za mzee zikasimama. Halafu akazisikia zinashuka.

Sauti ikatoka chini, ya upole, inasema na ukuta. "Huko juu kuna vitu vya watu. Mwenye navyo avitoe kwanza."

Atupele akalia. Akasema na mabati, "Hakuna mwenye navyo! Ni matambara tu! Apande tu!" Ngazi haikulia. Na ule ukuta wa mbao haukuwepo, kwa hiyo mwanamke akawaza, labda kinachomzuia ni mimi. Labda anajua niko huku, na katikati hamna kitu. Akashuka. Sikilizeni vizuri: mwanamke alikuwa mahali pakavu, akashuka kwenye maji yaliyokwisha kufika mapajani, akatoka nje kwa shida, akakumbatia mchikichi ulio uani, akapiga kelele kwa nguvu zake zote ili asikike ndani, "Juu hakuna mtu! Nimetoka! Juu hakuna mtu!"

Akarudia na kurudia. Mara moja tu akasikia mzee anasema, "Nimesikia, mama. Ndaga." Alimwita mama. Hakuwahi kusema naye moja kwa moja tangu aolewe.

Sisi tulifika na mtumbwi, mimi na jirani yangu mmoja mvuvi. Atupele alikuwa bado kwenye ule mchikichi, maji kifuani, sauti imekatika, anatuonyesha mlango wa mzee kwa kidevu kwa sababu mikono haikuachia mti. Tulitaka kumchukua yeye kwanza. Akatupiga teke. Tukaingia.

Mzee Lusajo alikuwa kwenye ngazi, chini chini, amekaa, mkono wa kulia umezungusha kamba niliyomfungia. Amegeuza uso, hatazami juu. Maji yalikuwa yamempita kichwa. Koti lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Na juu yake, vijana wangu, dari lilikuwa limesimama sawasawa. Ukuta wa upande wa mto ulikuwa umekwisha lala chini, nguzo zangu hazikutikisika. Godoro kavu. Vitenge vikavu. Nilitamani lingeanguka. Nililia pale pale kwenye maji, mzee mzima, yule mvuvi akawa ananiambia shika miguu, fundi, shika miguu.

Gwakisa alifika maji yakiwa yanapungua. Sitamsema sana. Aliingia chumbani kwa baba yake, akatazama juu, akakaa kwenye tope. Hakuna aliyemlaumu, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi. Mpaka leo akiniona Kasumulu anavuka barabara, na mimi simfuati.

Msiba ulikuwa mkubwa. Wazee walizungumza vizuri sana. Mmoja wao alisimama akasema marehemu amekufa kama alivyoishi, hakuvunja heshima hata maji yalipomfika shingoni. Watu wakaitikia. Akasema na mkwe wake naye apongezwe, mwanamke wa siku hizi angeingia akamkumbatia mzee wa watu, lakini huyu alijua mipaka, akatoka nje kwenye hatari kumpisha. "Umetuheshimisha, binti," akasema, na kina mama wakapiga vigelegele kidogo, vile vya msibani.

Atupele alikuwa ameinamisha kichwa. Ngozi ya mikono yote miwili, upande wa ndani, ilikuwa imechubuka kwa magamba ya mchikichi. Nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi la wanaume, karibu naye, akainua uso, akaniangalia mimi, siyo yule mzee. Alisema taratibu kama kawaida yake, lakini kila mtu alisikia.

"Baba, niliwaona mlivyomtoa. Mlikuwa wawili, na wewe mwenyewe ni mzee. Alikuwa mwepesi. Ningemweza."